Chumvi Kwenye Kaburi la Chausiku

Mlimani, juu ya Kiroka
5 Machi 1911

Kwa Mjomba Mwinjuma bin Pazi, shambani kwa Bwana Miwani, Mikese.

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia kwa salamu yako ya msikitini, nami naipokea vivyo hivyo. Shikamoo mjomba. Sisi hatujambo, isipokuwa watoto wana kikohozi na mume wangu Agustino ana kisirani.

Kisirani chenyewe kina sababu. Mbuzi wa Bwana wako wamerudi. Huku kila mtu anawaita hivyo, mbuzi wa Bwana, ingawa si mbuzi, wanafanana zaidi na kulungu, na wewe mwenyewe uliwaona wakishushwa kwenye gari moshi ndani ya masanduku, wametoka Ulaya. Ulituambia Bwana aliwaleta kwa sababu alikuwa anakumbuka kwao. Mwaka wa kwanza nilimhurumia. Mwaka jana walipokula mahindi yote ya mgunda wa mama, shamba hili tunalolima, pamoja na maharage na majani ya maboga, huruma ikaniishia.

Mjomba, wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Shamba ni letu kwa upande wa mama, na wewe ndiye unayelisemea, kwa hiyo nakuambia wazi. Agustino amesema mavuno haya yakiliwa tena atashuka huko kwa Bwana wako, atie kidole kwenye mkataba, apewe kipande cha kazi, na sisi sote tuhamie kwenye mabanda ya vibarua. Simlaumu. Mtu amekuja kukaa kwa mkewe, amelima kwa nguvu zake zote, halafu anavuna mabua. Lakini unajua litakalofuata. Akida amekwisha kutangaza kwamba shamba lisilolimwa halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe ni la serikali, na serikali itampa Bwana. Na mama yangu amelala pale pale, chini ya mkuyu. Siku nikitaka kumlilia nitakwenda kumwomba Bwana ruhusa?

Mashimo ya kuwanasa hatuwezi kuchimba. Jirani yetu Yakobo alimnasa mmoja mwaka jana, akapelekwa bomani, akapigwa viboko hamsa ishirini. Alilala kifudifudi siku nyingi, na chakula alikila kwa kusimama kama punda. Tumebaki na dungu la kulindia na debe la kupiga kelele. Debe wamelizoea. Sasa nadhani wanaona ni ngoma ya kuwakaribisha.

Wewe uko karibu na Bwana. Mwambie neno. Barua hii anakuletea Furaha, anayeshuka na mboga zake stesheni. Mpe jibu mkononi.

Mpwa wako,
Modesta


Mikese
19 Machi 1911

Bismillahi. Kwa mpwa wangu mpenzi Modesta, mtoto wa dada yangu Chausiku.

Marahaba, na salamu nyingi. Ama baada ya salamu, usamehe mwandiko. Herufi hizi za Kizungu nilijifunza kambini tulipokuwa tunajenga reli, na mkono wangu umezoea zaidi kushika sururu.

Nina habari njema, kaa chini uisome. Bwana Miwani mwenyewe amekiri kwamba wanyama wamezidi. Wakubwa wa boma wamemlalamikia, naye amewaahidi kuwapunguza, na njia ameipata. Wazungu wenzake, matajiri, watakuja kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam. Kila mmoja atamlipa Bwana, atampiga mnyama, atachukua kichwa chenye pembe akakitundike ukutani kwake Ulaya. Nilimuuliza, na nyama je? Akasema nyama si kitu. Modesta, duniani kuna watu wanaolipa ili waiache nyama! Basi wanyama watapungua, boma litanyamaza, na wewe utavuna. Na anayewaongoza hao wawindaji ni mimi. Nimefanywa nyapara wa mawindo. Nimepewa kofia. Ni kubwa kidogo, lakini ni kofia.

Amenipa pia mawe ya chumvi, magunia kwa magunia. Wanyama hawa wana wazimu wa chumvi. Ukiiweka mahali kwenye gogo lililotobolewa, ukaifunika kipaa cha nyasi isiyeyuke na mvua, wanakuja wenyewe kulamba, na mwindaji anawangoja hapo hapo bila kuchosha miguu. Mahali pa kuiweka ameniachia nichague mimi. Nami nina mpango wangu, ili huko kwako wapungue kabla ya kwingine kote. Sitausema sasa, maana una mdomo wa mama yako, utanikataza.

Tulieni. Mwambie Agustino vidole vyake aviache kwenye jembe.

Mjomba wako,
Mwinjuma bin Pazi, Nyapara wa Mawindo


Mlimani, juu ya Kiroka
17 Aprili 1911

Shikamoo mjomba wangu mpenzi.

Tumsifu Yesu Kristo. Leo sina malalamiko, jiandae kushangaa.

Jana nilishuka kupalilia upande wa chini, na mvua ilikuwa imenizuia huko kwa siku kadhaa. Nikafika kwenye mkuyu, nikaona. Kibanda kidogo cha nyasi, kama vile walivyokuwa wakiwajengea wazee wetu wa zamani, na ndani yake gogo, na ndani ya gogo chumvi. Chumvi nyeupe ya mawe, nyingi, kwenye kaburi la mama! Nilipiga magoti kwenye matope nikalia. Umekuja kimya kimya, umemwekea dada yako tambiko, umeondoka bila hata kunywa uji kwangu. Wewe unayejifanya mtu wa mjini na kofia yako.

Najua kwa nini hukubisha hodi. Uliogopa nitakuambia habari za Padre anayekataza matambiko. Mjomba, Padre hakumjua mama. Mimi namjua, na alipenda chumvi kuliko sukari, na miaka ile ya njaa alikuwa akipika mboga na majivu na kusema laiti ningepata chumvi. Kumbe hukusahau.

Nimepafagia pale, nimeng'oa majani. Asha wa ng'ambo ya mto alitaka kumega kidogo akaungie mchicha, nikamfukuza. Watoto nimewaambia atakayeilamba ataniona mimi kabla hajaona mizimu. Hata debe nimemwambia Agustino asilipige upande ule, tusimsumbue mama na wewe umekwisha mtuliza.

Wanyama bado wanakuja, na naona kama wameongezeka. Nadhani ni mvua. Maharage yameota vizuri upande wa juu. Nina matumaini mwaka huu, na matumaini yenyewe umenipa wewe.

Mpwa wako anayekushukuru,
Modesta


Mikese
8 Mei 1911

Kwa mpwa wangu Modesta.

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Kuhusu lile jambo la chini ya mkuyu, tutazungumza nikija. Wewe na Agustino pigeni debe pande zote, hata upande ule. Dada yangu hakuwa mtu wa kusumbuliwa na kelele, yeye ndiye aliyekuwa kelele yenyewe.

Huku kazi imekwenda, halafu imesimama. Walikuja wawindaji wawili. Mmoja mnene, tulimbeba kuvuka mto. Walipiga madume makubwa, pembe zina matawi kama mti mkavu, wakapigwa picha nao. Nyama tumegawana sisi. Nakutumia kidogo kwa mkono wa Furaha, imekaushwa, ni laini kuliko ya mbuzi.

Lakini kuna mambo sikuyajua, mpwa wangu, na ningeyajua ningefanya vingine. Kwanza, pembe za wanyama hawa hudondoka kila mwaka, halafu huota upya. Wallahi, zinadondoka, nimeziokota. Zikidondoka wawindaji hawaji mpaka ziote na kukomaa, na sasa zimedondoka. Pili, hawapigi majike. Nilimwonyesha yule mnene kundi zima la majike, karibu na kushikika, akaniuliza kama namtania. Asiye na pembe hana kitu cha kutundika.

Nitamuuliza Bwana juu ya hao majike. Ninangoja siku akiwa na furaha. Vumilia kidogo.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Mlimani, juu ya Kiroka
2 Juni 1911

Mjomba Mwinjuma.

Sikuandika shikamoo. Umeona.

Jana alikuja mpagazi mmoja, Stefano, ana gunia kichwani. Akaenda moja kwa moja kwenye mkuyu, akaanza kujaza chumvi kwenye gogo huku anapiga mluzi. Nikamfuata na mchi. Nikamwambia ewe mwana usiye na adabu, unachezea tambiko la mama yangu? Akaweka gunia chini akaniangalia, na wala hakucheka, afadhali angecheka. Akasema, mama, hii ni ya wanyama wa Bwana. Bwana ametutuma tujaze kila mahali palipowekwa. Na hapa nyapara Mwinjuma alipachagua mwenyewe.

Nimefagia pale, mjomba. Nimeng'oa majani. Nimewafukuza watu wasiiguse. Mbuzi wa Bwana walikuwa wanakuja kila siku kulamba, kisha wanapanda juu kula, na mimi nilikuwa nawatunzia meza. Nilipokaa dunguni niliwaona vizuri. Majike na watoto wao, wanene, hawana hata pembe moja. Hao ndio waliokula maharage. Mahindi yamebaki yale ya karibu na nyumba.

Ningeweza kukusamehe chumvi. Nililia mbele ya chumvi ya wanyama nikidhani ni mapenzi, hapo ndipo panaponiuma.

Agustino ameshuka leo asubuhi kwenda kwa karani wenu. Sikumzuia. Nimzuie kwa lipi?

Modesta


Mikese
6 Juni 1911

Modesta mwanangu.

Agustino nilimkuta amepanga mstari nje kwa karani, nikamshika mkono mbele ya watu. Nimemwomba asitie kidole mpaka mwezi mpya uandame. Yuko kwangu, analala kwenye mkeka wangu, na kisirani chake kizima amekuja nacho.

Kweli niliiweka mimi. Nilifikiri wawindaji wakikaa pale chini, watawamaliza wa kwako kwanza. Nilijificha kwa sababu najua ni kaburini, na kwa sababu ningekuambia bunduki za Wazungu zitakuja kwenye mkuyu ungenikataza. Ulipoandika kwamba ni tambiko, nilishindwa kukuambia. Nilitamani iwe kweli. Chausiku alinilea mimi mgongoni, na sijamwekea hata punje.

Lile la majike nimemuuliza Bwana. Sikungoja furaha yake tena. Nilimwambia, Bwana, ukitaka wapungue ruhusu majike wapigwe. Akacheka, akanipiga begani kama rafiki. Akasema, Mwinjuma, jike ndiye anayenizalia pembe. Nikiua majike, mwaka kesho nitawauzia wageni nini?

Basi nimeelewa. Boma limeambiwa anawapunguza. Mimi niliambiwa anawapunguza. Kumbe anawafuga, na malisho ni shamba lako.

Toa ile chumvi pale. Ipe Asha, mpe kila mtu. Mengine niachie mimi.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Mikese
9 Julai 1911

Bismillahi. Kwa mpwa wangu Modesta.

Salamu, na baada ya salamu, usamehe mwandiko, umekwenda upande. Leo naandika nimesimama, karatasi nimeiegemeza ukutani. Kukaa sikupendi siku hizi.

Nikueleze yaliyotokea, kabla Furaha hajakupakulia ya kwake na chumvi yake.

Unajua nyuma ya nyumba ya Bwana kuna miche ya mpira, aliyoiotesha kwa mapenzi makubwa, na pembeni yake ni bustani ya mkewe. Bibi yule analima kabichi. Anazisemesha, nimemsikia. Nikachukua magunia yaliyobaki, nikatengeneza magogo yangu vizuri, na vipaa vyake vya nyasi, nikayapanga huko kati ya miche na kabichi, ndani ya majani marefu. Yale ya mlimani yote, upande wenu na kwa Yakobo na kwingine, Stefano alinisaidia kuyaondoa. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu kwamba kuna mama mmoja wa mlimani alimfukuza na mchi, na tangu siku ile hajapiga mluzi.

Chumvi ya mlimani ikaisha, wakaisikia harufu ya hii ya bondeni. Wakateremka. Mwanzoni wachache, halafu ukoo mzima. Asubuhi moja Bibi alifungua dirisha akakuta kabichi zimebaki vishina, na jike mmoja amesimama katikati na mwanawe, anamwangalia Bibi kana kwamba ndiye aliyechelewa. Alipiga ukelele ambao nadhani ulifika Kiroka. Miche ya mpira, usiulize. Palikuwa kama umepita na fyekeo.

Modesta, ungemwona Bwana Miwani. Alikuwa na kanzu ya kulalia na miguu mitupu. Wewe umelalamika miaka miwili. Yeye hakumaliza hata kifungua kinywa. Aliketi papo hapo akaandika barua kwa boma kwamba wanyama hawa ni balaa, wauawe wote, wenye pembe na wasio na pembe, na watu wa milimani waruhusiwe kuchimba mashimo na kuwala. Barua ikaondoka na gari moshi la asubuhi.

Magogo aliyaona alasiri.

Akauliza ni nani aliyeweka chumvi hapa. Nikasema mimi, Bwana. Uliniachia nichague mahali.

Yaliyofuata si ya kuandika. Kofia nimeirudisha. Bwana naye alijaribu kuirudisha barua yake, lakini Bwana Mkubwa wa boma alikuwa amechoka na malalamiko ya watu, ameshapiga mhuri, na akida ametumwa atangaze. Mtayasikia huko kabla ya Ijumaa.

Agustino hakutia kidole. Anarudi kwako kesho, kisirani amekiacha hapa kwangu. Mimi nitatafuta kibarua Morogoro mjini nikipona hii homa ndogo. Kwako sitakuja kwa sasa. Ile siku uliyoacha shikamoo, niliona ni haki yako, na sioni kama nimekwisha kuilipa.

Mjomba wako,
Mwinjuma, bila cheo


Mlimani, juu ya Kiroka
16 Julai 1911

Shikamoo mjomba. Shikamoo tena, ile niliyokunyima. Na nyingine ya akiba.

Homa ndogo! Mjomba, mimi si mtoto. Agustino amenieleza kwa nini unaandika umesimama. Amenieleza alivyokubeba yeye na Stefano kutoka uwanjani, na kwamba ulipigwa hamsa ishirini yote mbele ya vibarua, na kwamba ulipofikishwa mkekani neno lako la kwanza lilikuwa kuuliza kama barua ya Bwana imefika bomani. Alipokuwa anasimulia alilia, na wewe unamjua Agustino, hakulia hata maharage yalipoliwa. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu ulinificha chumvi. Sasa nimekasirika kwa sababu umenificha mgongo wako. Una bahati uko mbali na mchi.

Akida alikuja Alhamisi akatangaza, akiwa na uso kama aliyemeza ndimu. Yakobo alikuwa wa kwanza kushika jembe, akachimba shimo lake mahali pale pale walipofukia lake la zamani. Jike wa kwanza ameingia juzi. Nimekataa kuita tena mbuzi wa Bwana, sasa ni kitoweo. Mahindi ya karibu na nyumba yatatufikisha. Bondeni kwenye unyevu tumepanda maharage mengine, na asubuhi hii nimekwenda kuyaangalia, yameota na hakuna hata jani lililoguswa. Nilikaa chini nikayaangalia tu, kazi ikanishinda.

Ile chumvi niliigawa kama ulivyosema. Asha amepata, watu wote wamepata. Lakini nilibakiza bonge moja. Jana nilikwenda chini ya mkuyu, kile kibanda chako sikukibomoa, nikaliweka ndani. Nikasema, mama, hii ni ya Mwinjuma. Amechelewa, lakini ameleta. Padre asiambiwe.

Sasa nisikilize. Kibarua cha mjini hukitafuti. Akida bado anazunguka na maneno yake ya shamba lisilo na mwenyewe, na nataka akipita amkute mjomba mtu mwenyewe amejinyoosha mlangoni, ili asiulize tena. Agustino anakufuata na machela pamoja na Yakobo. Nimekuandalia chumba cha upande wa jua, na mto wa sufi nimeushona kwa mkono wangu.

Jioni ile ukifika nitapika maharage ya akiba, nitatia chumvi ya kutosha, kama alivyopenda mama. Na ukishindwa kukaa, mjomba, usione haya mbele ya watoto. Nimekwisha waambia. Tutakula wote tumesimama.

Mpwa wako,
Modesta binti Chausiku